Uliwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu mama, nikakuta kadi yangu ya ada ya darasa la nne, mwaka 1996. Ina mihuri miwili. Nafasi ya tatu iko wazi.

Asubuhi ile mwalimu alisoma majina mstarini, tulioitwa tukaambiwa tusirudi bila hela. Nilimkuta mama shambani anapalilia. Hakuniuliza kitu. Alipokea daftari langu, akalifunga kwenye khanga na kuliweka kivulini, kisha akanipa jembe. Nilikaa nyumbani wiki tatu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba Tanzania ilishafuta ada ya shule ya msingi mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Baadaye uchumi ukayumba, madeni yakatuelemea, na mwaka 1986 serikali ikasaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ile ya kubana matumizi ada ikarudi, safari hii ikiitwa uchangiaji. Baba hakuwa na kosa lolote, na sikuwahi kumwambia hivyo akiwa hai.

Nani mwingine alipitia haya? Leteni simulizi zenu.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina. Si shuleni kwenu, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Nilianza ualimu mwaka 1977 kwa mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, nina cheti cha darasa la saba tu. Madarasa hayakutosha, wengine tulifundishia chini ya mwembe, ila sikumrudisha mtoto hata mmoja. Miaka ya tisini nikaanza kupewa orodha. Kulikuwa na binti wa darasa la sita, hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Jina lake nililiruka mara mbili. Mara ya tatu mwalimu mkuu alikuja kusimama pembeni yangu, nikalisoma. Alitoka mstarini akiwa ameshika rula yake. Hakurudi.

Ada ilifutwa tena 2001, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata msamaha wa madeni uliotolewa kwa nchi maskini. Januari 2002 nilipokea watoto 143 darasa la kwanza. Wa miaka 12 walibanana na wa miaka 7, na wengine walikalia matofali. Rejista ilijaa, nikapiga mistari kwenye daftari la kawaida ili niendelee kuandika majina. Nilichoka mno mwaka ule, lakini nilikuwa naandika majina ya kuingia, siyo ya kutoka.

Mjukuu wa Mkulima
Baba alitaka kushitaki niliporudishwa 1998. Wakili akamfungulia Katiba: Ibara ya 11 inataja haki ya kujielimisha, lakini Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahakama. Baba alirudi nyumbani, akauza baiskeli.

Mama Kijana
Yangu si ya ada. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, nikaondolewa shule mwanzoni mwa 2021. Mama alikwenda ofisini kuniombea mara tatu, kila mara anaambiwa utaratibu ndio huo.

Novemba mwaka ule serikali ikatangaza kwamba tunaweza kurudi. Baadaye nikasoma kuwa habari zetu zilishafika Benki ya Dunia. Kulikuwa na mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari, uliopitishwa Machi 2020, na wanaharakati walikuwa wamepinga usitolewe wakati wasichana kama sisi tunafukuzwa. Nafurahi kwamba kuna waliotusemea. Lakini inaniuma kwamba mama yangu, aliyetembea kwa miguu mara tatu, hakusikilizwa.

Nilirudi Januari 2022, mwanangu ana miezi sita. Siku ya kwanza, kipindi cha Jiografia, maziwa yakalowanisha shati. Nilijikunja juu ya dawati nisionekane. Mwalimu akavua sweta yake, akaniwekea mabegani, akaendelea kufundisha habari za mvua za vuli. Kidato cha nne nilimaliza 2024.

Mama wa Watatu
Hongera sana, mdogo wangu. Kwetu, tangu 2016 hatulipi ada mpaka kidato cha nne, na huo ni mzigo mkubwa umetutoka. Ila michango haiishi: mlinzi, mitihani, madawati. Mwanangu akinitajia mchango, naiona ile hofu usoni kwake.

Mleta mada
Mwalimu, shikamoo. Sikutegemea kusikia kutoka upande wako, asante kwa kusema. Yule binti wa hesabu, uliwahi kumwona tena?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Nilimwona mwaka 2005. Alikuja kumwandikisha mwanawe darasa la kwanza. Nilitaka kumsaidia kujaza fomu, akaniambia, "Nipe kalamu, mwalimu." Mwandiko wake ulikuwa ule ule.