Wauguzi na mnaosomea uuguzi: tupeane uzoefu wa mitihani, vitendo na kutafuta ajira

Leba_Usiku
Habari za muda huu wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, stashahada ya uuguzi na ukunga, na maswali yake mengine yananishinda. Naomba mmwagike hapa. "Soma kwa bidii, mtangulize Mungu" hiyo ameshapewa nyumbani. Semeni kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kesho asubuhi.

Naanza mimi. Hesabu za dripu zinaangusha watu wenye akili zao kwa sababu wanazikariri. Mililita mara matone ya seti, gawa kwa dakika. Lita moja kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: 20,000 gawa kwa 480, unapata 41.7, unaweka 42 kwa dakika. Hapo wote tupo. Swali likigeuka mgonjwa akawa mtoto na seti ya matone 60, darasa zima kimya. Mimi nilikuwa natunga maswali kutoka kwenye dripu zinazotembea wodini: napiga hesabu, halafu nasimama na saa nahesabu matone nione kama tunakubaliana.

Mzee_wa_Trei
Niongelee OSPE, ule mtihani wa vitendo. Mtahini ana orodha ya kuweka vema, na hawezi kukupa alama kwa ulichokifanya kichwani. Jitambulishe hata kama mgonjwa ni mdoli, eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, nawa mikono, yote kwa sauti. Sisi tulijigawa: mmoja anafanya, mmoja mgonjwa, mmoja ameshika orodha na roho mbaya. Yule mwenye roho mbaya ndiye aliyetufaulisha.

Partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, usiisome kitabuni tu. Chukua faili la mama aliyekwisha kujifungua, ichore upya kwenye karatasi tupu, linganisha na ya mkunga. Na muulize mwalimu mtihani wenu unatumia ipi, maana mwongozo wa WHO wa 2020 unahesabu uchungu kukolea kuanzia mlango wa uzazi ukifunguka sentimita 5, siyo 4 tuliyozoea.

Mama_Kofia
Ila ruhusa ya inchaji wa wodi kwanza, na jina la mama lisitoke wodini. Niliona mwanafunzi akifokewa mbele ya wodi nzima kwa kupiga picha faili.

Karatasi_Kwanza
Ajira sasa, hapa Tanzania. Bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mwajiri hata hafungui barua yako, kwa hiyo ukimaliza chuo usijipe likizo ndefu. Ukiingia kwenye mfumo wa Sekretariati ya Ajira, soma tangazo lote: wanakwambia wazi hati za matokeo hazikubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe, vimethibitishwa na mwanasheria. Na cheo. Mwenye stashahada anatafuta Afisa Muuguzi Msaidizi II; Afisa Muuguzi II ni ya digrii. Watu wanaomba isiyo yao halafu wanalaumu konekisheni. (Nayo ipo, tusidanganyane.)

Kingine ni majina. Mwenzetu kitambulisho cha NIDA kilikuwa na jina la babu, cheti cha form four hakina. Tangazo likafunga yeye bado yuko kwa wakili. Cheti cha kuzaliwa, NIDA, form four na chuo, vilinganishe ukiwa bado mwanafunzi.

Nauli_Yangu
Mbona hamsemi kujitolea? Mimi nilijitolea kituo kimoja cha afya, nauli yangu, chakula changu, zamu za usiku kama mwajiriwa. Nafasi ilipotoka akaletwa mtu mwingine kabisa.

Mzee_wa_Trei
Pole sana. Mimi kujitolea kulinibeba, ila niliomba barua mapema: idara gani, tangu lini, nafanya nini. Kwenye usaili walipouliza tangu nimalize nilikuwa wapi, niliitoa.

Nauli_Yangu
Barua sawa mkuu. Kodi ya chumba hailipwi kwa barua.

Sista_254
Salamu kutoka Kenya. Mwenye anafikiria Saudia ajue kuna DataFlow, wanaokagua vyeti vyako hadi chuoni, halafu mtihani wa Prometric, wa kuchagua majibu kwenye kompyuta. Ajenti akikwambia hivyo viwili havihitajiki, muulize vizuri ni kazi gani hiyo anakupeleka, maana ya uuguzi siyo.

Leba_Usiku
Mdogo wangu yuko hapa pembeni, anauliza kwenye mahojiano huwa wanauliza nini.

Karatasi_Kwanza
Mimi niliulizwa hivi: mama ametoka kujifungua, damu inatoka nyingi, uko peke yako zamu. Wanachotaka ni mpangilio. Ita msaada, sugua mfuko wa uzazi, oksitosini uniti 10 kwenye msuli, fungua laini ya mshipa, hakikisha kibofu kitupu, kagua kondo na michaniko. Wengi wanakimbilia oksitosini. Mwambie aanze na kuita msaada, hata kama swali limesema yuko peke yake.