Wakala wa bima ananiuliza "unaenda kufanya kazi au unaenda kuumwa?" MBELE ZA WATU!!

Binti_wa_Majengo:

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba msiunganishe huu uzi na nyuzi zingine, nimetoka kule sasa hivi, nimekaa hapa karibu na Mnara wa Saa na soda niliyoagiza hata sijaigusa kwa hasira.

Mnamjua. Watu wa Arusha wote mnamjua, yule wa ghorofani anaevaa miwani ya jua ndani ya ofisi, ukiingia tu unapewa kalenda ya mwaka juzi na kalamu isiyoandika. Simtaji jina, jina lake kila mtu analo.

Iko hivi. Naenda Ujerumani, mafunzo ya uuguzi, mkataba ninao. Walioenda wanajua, mafunzo yakishaanza unaingizwa kwenye bima ya afya ya lazima ya kule, mchango mnagawana, nusu unakatwa wewe nusu anatoa mwajiri, hapo hamna shida. Shida ni zile siku za kati, umeshashuka ndege ila mkataba bado haujaanza, hapo ukiugua huna wa kukulipia, ndo maana ubalozi unataka uwe na bima yako mwenyewe kabla hawajakugongea viza. Nikaenda kununua.

Na mimi nina pumu, toka mtoto, pampu haitoki kwenye mkoba. Nikauliza swali moja, kwa adabu kabisa, "samahani kaka, nikibanwa na pumu kule hii bima inalipa?"

Akavua miwani. Akaniangalia. "Dada, kwani unaenda kufanya kazi au unaenda kuumwa?"

OFISI NZIMA IKACHEKA. Dada wa mapokezi kacheka mpaka kalalia kaunta, mama aliyekuja kukatia bima bajaji yake kacheka, mlinzi wa mlangoni kacheka na swali lenyewe hakulisikia, nadhani mpaka Kilombero sokoni walicheka.

Unaenda kufanya kazi au unaenda kuumwa! Jamani mtu unakata bima ya afya kwa ajili ya nini sasa, kupendezea ukuta??

Afu subirini. Ananisogezea fomu nisaini, kidole gumba kakibandika juu ya mstari mmoja hakitoki. Namwambia kaka toa kidole. Anacheka. Toa kidole. Akatoa, chini yake imeandikwa magonjwa aliyokuwa nayo mteja kabla ya kukata bima hayatalipiwa. Nikapanda juu kidogo, pale pa "una ugonjwa wowote wa kudumu?" keshaweka tiki HAPANA, yeye, kwa mkono wake, hata hajaniuliza! Mtu wa bima huyo, anajua vizuri kabisa ukificha ugonjwa kwenye fomu kampuni inapata sababu ya kukataa madai yako, na siku hiyo mwenye kesi ni mimi sio yeye.

Na bima yenyewe ni ile ya watalii wa Schengen, wanaoenda kutembea Ulaya, ile inayolipa mpaka euro 30,000, dharura na kurudishwa kwenu ukiwa mgonjwa au ukiwa maiti. Kwa anaeenda kutembea wiki mbili ni nzuri tu, mimi sina ugomvi nayo. Ila ukurasa wa nyuma imeandikwa haimhusu anaekwenda kufanya kazi. Nikamwonyesha. Akasema "zote ni moja dada, ubalozi wanaangalia muhuri tu".

Mimi naenda kuhudumia wagonjwa wa watu, afu naulizwa kama naenda kuumwa. Wazazi wangu hawajawahi kunitolea neno kama lile. Unaenda kufanya kazi au unaenda kuumwa. Nimeshuka ngazi machozi yananilenga.

mangi_wa_Kibosho:

Huyo wa kalenda namjua!! Alimuuzia mdogo wangu karatasi kama hiyo, ubalozi wakairudisha wakataka ya mtu anaekwenda kukaa. Kurudi kudai hela yake anaambiwa "hela ikishaingia kwenye mfumo haitoki". Pole sana dada.

Chalii_wa_Sakina:

Povu lote hili kwa swali moja? Ungemjibu tu "naenda kufanya kazi" mambo yaishe 😂😂

Binti_wa_Majengo:

@Chalii_wa_Sakina siku utakayobanwa kifua saa nane usiku kwenye nchi usiyojua hata namba ya ambulensi ndo utaniambia mambo yanaishaje. Swali lile halikuwa swali, lilikuwa tusi.

Aunt_Njoro:

Mwanangu usilie, dua la mnyonge hilo linamfikia. Kapeleke TIRA, ndo wanaosimamia hao mawakala. Na ile fomu yenye tiki yake umeipiga picha?

Binti_wa_Majengo:

Nimepiga shangazi, tiki inaonekana na kidole kinaonekana.

Mtoto_wa_Pasua:

Nyie mnalilia fomu. Mi nilikuwa Sharjah, sheria inasema mwajiri ndo analipa bima ya mfanyakazi, Dubai na Abu Dhabi ilikuwepo zamani na kuanzia 1 Januari 2025 ni emirati zote, mpaka wafanyakazi wa ndani wamo. Bosi wangu kalipa ndio, afu kanikata kwenye mshahara kidogo kidogo, nikiuliza anasema "hiyo ni ya chakula". Chakula gani nilikuwa najipikia ugali mwenyewe!!

Mwl_Soweto:

Marekani je? Viza ya J-1, ile ya wanaoenda kwa programu za kubadilishana, bima lazima ifike dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 ya kukuhamisha ukizidiwa, na 25,000 ya kurudisha mwili. Mwanafunzi wangu kusoma hapo kwenye mwili akafunga karatasi akaniambia mwalimu siendi. Ilibidi nimwite mama yake.

mangi_wa_Kibosho:

@Mwl_Soweto hiyo ya mwili msiidharau. Huku uchagani jirani akifia ughaibuni bila bima tunachangishana kijiji kizima, grupu la wasapu halilali, mpaka mwili ufike uwanja wa ndege KIA watu wameshauza mbuzi.

Chalii_wa_Sakina:

Hapo kweli mangi. Michango ya msiba imeniua mwaka huu.

Dereva_Krusa:

Wote mnalalamika bima za mbali, njooni kwenye utalii hapa hapa. Krusa yangu ya kubebea wageni ina komprehensivu, ile bima kubwa inayolipa mpaka gari lako mwenyewe, imelipiwa, stika ipo. Nimegongwa na fuso Mto wa Mbu, wageni ndani wazima namshukuru Mungu, taarifa ya polisi ninayo. Kampuni ikatuma mtu wa kukagua, kaja kaipiga picha taa iliyopona!!! Nikamwambia kaka upande ulioumia ni huku, akasema "nimeshaona". Mpaka leo gari imelala, msimu unaisha, na mkopo benki wanaudai.

Aunt_Njoro:

Taa iliyopona!

Mtoto_wa_Pasua:

Huyo mkaguzi mfupi hivi, ana pikipiki nyekundu?

Dereva_Krusa:

HUYO HUYO. Kumbe na wewe?

Mtoto_wa_Pasua:

Noah ya shemeji yangu, aliandika "mikwaruzo midogo" na mlango haufungi mpaka leo wanaufunga kwa kamba.

Binti_wa_Majengo:

Jamani kuna mtu anajua wakala mwingine anaeuza bima ya wanaoenda kufanya kazi, inayokubali mwenye pumu? Niko serious.

Chalii_wa_Sakina:

Dereva, ukikubali walipe nusu ukanyooshe bodi mwenyewe itakugharimu ngapi?

Dereva_Krusa:

Sijui, fundi wangu wa Unga Limited kahamia Babati. Kuna anaejua mwingine wa bodi, asiye na maneno mengi?

mangi_wa_Kibosho:

Yupo mmoja, njoo PM. Ila rangi ununue mwenyewe, usimpe hela.