Tupeane uzoefu: Ulilalamika kazini, meneja akakununia

StooNakuru (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, naomba tuliongee jambo hili waziwazi. Mimi ni karani wa stoo katika duka la pembejeo hapa Nakuru, huu ni mwaka wa sita. Mwezi wa tatu nilimwandikia mkurugenzi barua ya ukurasa mmoja kuhusu makato. Kila hesabu ya mwisho wa mwezi ilipopungua, meneja wa tawi alitugawia hasara sisi wanne wa stoo sawasawa, bila kuuliza nani alikuwa zamu wala gunia la mbolea lilipasukia wapi. Niliandika kwa adabu, nikaambatanisha nakala za hati zangu za mshahara.

Makato yalikoma. Lakini tangu siku hiyo meneja hajaniambia neno. Hanifokei, hanitukani. Anaingia asubuhi, anamsalimu aliye kulia kwangu na aliye kushoto kwangu, anapita. Kikundi cha WhatsApp cha tawi kimekauka, kumbe kuna kingine kimefunguliwa nami simo. Lori la mbolea likiingia anamwita mtu mwingine aje kuhesabu.

Kilichonivunja ni funguo. Za stoo kubwa, zile zenye utepe mwekundu nilioufunga mimi mwenyewe zisipotee. Siku moja nilifika saa moja na nusu kama kawaida, nikanyoosha mkono kwenye msumari zinapotundikwa, nikagusa msumari mtupu. Hakuna aliyeniambia. Nikaja kuziona kiunoni mwa kijana aliyeajiriwa mwezi wa nne. Naye maskini hakujua atazame wapi.

Sasa nakaa mezani nikipanga risiti nilizokwisha kuzipanga. Mshahara unaingia, ndiyo. Ila narudi nyumbani Free Area nimechoka kuliko siku za kupakua magunia mia tatu. Mke wangu anasema nivumilie mpaka watoto wafunge shule.

Nawaomba waliopitia haya waseme walifanyaje, na iliishaje.

Muuguzi_Kisumu

Pole sana, kaka. Nimesoma hapo kwenye msumari nikaweka simu chini kwanza.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kibinafsi hapa Kisumu. Nililalamika kwamba tulikuwa tunapangwa zamu za usiku tisa mfululizo, ilhali sheria inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Msimamizi wetu ni muuguzi kama mimi. Tulikuwa tukienda naye Dunga kununua samaki Jumamosi, watoto wetu wanajuana.

Baada ya malalamiko, jina langu kwenye rota likaanza kuandikwa kwa penseli. Wenzangu wote kalamu, mimi penseli. Maana yake linafutika. Nafika saa moja jioni, nimeshalipa boda kutoka Kondele, naambiwa leo haumo, rudi nyumbani. Na wakati wa kukabidhiana wagonjwa alikuwa anamweleza mwenzangu tu, mimi nimesimama hapo hapo. Hilo ndilo lililoniogopesha. Habari za mgonjwa nitakayelala naye macho usiku kucha zinampita mtu aliye zamu.

Nikaamua kitu kimoja: salamu sitazipigania, nitapigania taarifa ya mgonjwa. Nikawa nauliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, "Sista, wa kitanda cha nne amepewa dawa saa ngapi?" Hawezi kunyamaza mbele ya daktari na mgonjwa mwenyewe. Anajibu akitazama ukuta, lakini anajibu, nami naandika kwenye faili saa hiyo hiyo. Na kila Ijumaa nilipiga picha rota jinsi ilivyobandikwa, kisha nikaipiga tena Jumatatu ikiwa imefutwa.

Baada ya miezi miwili nilimpelekea mwenye kliniki zile picha. Sikumwambia kwamba nimenuniwa. Nilimwambia rota inabadilishwa bila mtu kuarifiwa, usiku mbili kliniki ilibaki na muuguzi mmoja. Tangu hapo rota inachapishwa kwa kompyuta na kutiwa sahihi.

Urafiki haukurudi. Huwa naumia Jumamosi nikipita Dunga peke yangu, sitakuficha.

MauaNaivasha

Shamba la maua, Naivasha. Nilisema kuhusu watu kuingizwa grinhausi mapema baada ya kunyunyizwa dawa. Supavaiza akanitoa paki hausi, yaani tunakofungashia maua, akanipeleka kung'oa magugu kando ya ua, peke yangu, kutwa nzima. Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi akaandika barua moja, wiki iliyofuata nikarudishwa. Kama kazini kwako kuna chama, jiunge kabla shida haijaja.

Karani wa Wakili

Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili Kisumu kwa miaka mingi, kwa hiyo niseme la sheria.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, inasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko yalikuwa ya ovyo na hayana msingi. Tatizo la watu kama StooNakuru ni kwamba hajafutwa. Amenuniwa. Na nimewaona mabosi wanaonuna wakingoja jambo moja: wewe mwenyewe uandike barua ya kuacha kazi, mkono wako, sahihi yako.

Nakuomba usiiandike kwa hasira. Ni kweli mahakama zetu zinatambua kwamba mwajiri anaweza kumwondoa mtu kwa mwenendo wake bila kutamka neno, na Mahakama ya Rufaa ililieleza hilo kwa kirefu mwaka 2015. Lakini hapo wewe ndiye wa kuthibitisha: kwamba mwajiri aliuvunja mkataba katika jambo la msingi, kwamba uliondoka kwa sababu hiyo, na kwamba hukukaa muda mrefu hadi ukaonekana umeridhika. Kununiwa peke yake, bila karatasi, ni vigumu mno kukusimamisha mbele ya jaji. Nimeona watu waliodhulumiwa kweli wakitoka mikono mitupu, na roho iliniuma.

Sasa tazama zile funguo. Kama mkataba wako unasema wewe ndiye mtunza stoo, kukubadilishia kazi kunatakiwa kujadiliwe nawe na uarifiwe kwa maandishi. Kwa hiyo uliza kwa maandishi. Usiulize "mbona hunisalimu." Uliza nani anawajibika kwa hesabu ya stoo kuanzia tarehe uliyonyang'anywa funguo, kwa sababu ikipungua kesho watakutafuta wewe.

Ikifika kufutwa, Ofisi ya Leba unaiendea ndani ya miezi 3. Kesi yenyewe ina muda wa miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Nakuru na Kisumu pia, huna haja ya kupanda basi la Nairobi. Fidia ya kufutwa isivyo haki inaweza kufika mshahara wa miezi 12, si zaidi.

Mama Kitale

Mimi niliondoka. Nilikuwa mwalimu katika shule ya kibinafsi. Nilisema mbele ya kikao kwamba mshahara unachelewa, na kuanzia muhula uliofuata mkuu wa shule alinitumia ujumbe kupitia wanafunzi. Wanafunzi! "Mwalimu, umeambiwa usimamie mtihani." Nilivumilia mwaka na miezi miwili, tumbo likaanza kuniuma kila Jumapili jioni. Siku niliyotoka nililala saa kumi na moja za mchana mpaka asubuhi.

Sijutii kuondoka. Ninachojutia ni kwamba niliona aibu kurudi kuomba cheti cha utumishi, na kila ninapoomba kazi naulizwa.

Karani wa Wakili

Mama Kitale, cheti hicho ni haki yako kisheria, si fadhila ya mkuu. Mwandikie, bakiza nakala. Hata kama ni miaka imepita, anza leo.

Mzee wa Kakamega

Nimeusoma uzi huu siku mbili bila kuandika. Mimi ndiye niliyenuna.

Nilikuwa msimamizi wa tawi la sacco hapa Kakamega. Binti mmoja wa kaunta aliwaandikia wakubwa kwamba nawagombeza wafanyakazi mbele ya wanachama. Ilikuwa kweli. Nikaitwa, nikaonywa, nikarudi. Sikupanga kumwadhibu, nawaapia. Nilikuwa naona haya. Kila nikimtazama naisoma ile barua upya. Basi nikaacha kumtazama. Akileta karatasi natia sahihi nimeinamisha kichwa. Nafasi ya mafunzo ikija namtaja mwingine, kwa sababu kumtaja yeye kungenilazimu niongee naye. Kwangu ilikuwa kujificha. Kwake ilikuwa miezi saba ya kuuliwa polepole, na mimi sikuona.

Jumamosi moja wakati wa kufunga alisimama mlangoni, hakuketi. Akasema, "Mzee, niliandika ile barua kwa sababu nataka kuendelea kufanya kazi hapa. Ningetaka kuondoka nisingeandika." Akaenda zake. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama afunge.

Jumatatu nilimwomba msamaha mbele ya wale wale waliokuwa wakiniona ninavyompita. Hilo la "mbele ya wale wale" ni muhimu sana, ningemwomba pembeni ingekuwa nimejiponya mimi tu.

StooNakuru, simjui meneja wako. Wapo wanaofanya kwa makusudi, na hao maneno ya Karani ndiyo dawa yao. Lakini yupo anayeogopa. Mjaribu mara moja, mkiwa wawili, bila barua mkononi.

Muuguzi_Kisumu

Mzee, asante kwa kusema. Ila ningependa yule binti asingelazimika kuwa yeye wa kwanza kuongea.

Mzee wa Kakamega

Kweli kabisa, dada. Ilikuwa juu yangu.

StooNakuru

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, nilitaka nije na la kusema.

Jumanne nilimsubiri meneja baada ya wengine kutoka. Nilimwambia nilichojifunza kwa Mzee, kwamba niliandika kwa sababu nataka kubaki. Alikuwa anafunga droo. Akaifunga, akachukua koti, akasema ana haraka. Sijui ni haya au ni kusudi. Nililala vibaya.

Jana nikampelekea barua ya mistari sita: tangu tarehe fulani sina funguo za stoo kubwa, naomba kuarifiwa nani anawajibika kwa hesabu. Nakala mbili. Nikamwomba atie sahihi ya kupokea kwenye nakala yangu. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia kutoka juu, akatia sahihi. Kisha akasema, "Nitalishughulikia." Akaniita kwa jina langu. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Leo asubuhi msumari bado ulikuwa mtupu. Yule kijana alinifuata stoo akaniuliza, kwa sauti ya chini, jinsi ya kuandika magunia yaliyopasuka kwenye daftari. Nikamwonyesha.