Nimepewa dakika 10 kwenye mkutano wa AMCOS niongelee kujiua. Nianzie wapi?

Karani wa Ghala (Urambo, Tabora)

Wadau, mwangaluka. Mimi ni karani wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, huku wilaya ya Urambo. Kazi yangu ni mizani, daftari na ufunguo wa ghala. Kuhutubia sijawahi, hata harusini huwa nakaa upande wa masufuria.

Jumamosi ya wiki ijayo tuna mkutano mkuu kabla ya kugawa pembejeo za msimu mpya. Mwenyekiti kanipa dakika 10, katikati ya taarifa ya makato na uchaguzi wa kamati, niwaambie wanachama "kuhusu hili jambo". Hili jambo ndilo jina lake hapa kijijini. Wengine wanasema jamaa alichukua maamuzi magumu, kama vile alikuwa anachagua kati ya kulima mahindi na alizeti. Mwezi wa saba tulimzika mwanachama wetu. Alijiua. Haya, nimeliandika, na ninyi ndio wa kwanza kuliona nimeliandika.

Namna alivyofanya siiandiki, na mtu asiniulize. Ninachotaka kusimulia ni pampu.

Siku mbili kabla, alikuja ghalani na pampu ya baiskeli. Ile ya mguu, ya chuma, bomba lake limefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Nilimwazima msimu wa 2021, nikaisahau, nikanunua nyingine. Akaipandisha juu ya mizani, mizani ikasoma kilo moja na nusu, tukacheka. Akasema, "Karani, sitaki nibaki na kitu cha mtu." Nikamjibu kwamba tungekuwa na kumi wa tabia yako chama kisingekuwa na madeni sugu. Akacheka tena. Akaomba kuona ukurasa wake kwenye daftari, akausoma taratibu huku anafuata mistari kwa kidole, akashukuru, akaondoka kwa miguu. Baiskeli alikuwa ameshampa mtoto wa dada yake. Hilo nilikuja kulijua msibani.

Watu wanasema ni deni. Deni lilikuwepo, silifichi, mimi ndiye niliyeliandika. Lakini kwenye daftari hilohilo wapo wenye deni mara tatu ya lake, na jana nimewaona wanacheza bao. Yeye alikuwa halali tangu masika, kasema mkewe. Kwenye bao aliacha kuja. Alikuwa anakunywa peke yake, mtu ambaye pombe kwake ilikuwa ya kunywa na watu. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, mimi cha pampu, na hakuna aliyekaa na mwenzake wakaviunga.

Sasa maswali. Nikilisema hadharani, si nitawafungua macho ambao hawakuwa na wazo hilo? Mwenyekiti mwenyewe ana wasiwasi huo. Pili, mjane atakuwepo, yeye ndiye mwanachama sasa badala ya mumewe. Tatu, kwa dakika 10 kipi nikiseme na kipi nikiache?


Kijana wa Stesheni

Mkuu, watu wamekosa imani tu. Babu zetu walilima kwa jembe la mkono, njaa ikapita, nzige wakapita, nani alijiua? Waambie wasali na waache tamaa. Dakika 2 zinatosha, 8 zilizobaki mgawane soda.


Nesi wa Isevya

Kijana wa Stesheni, hao wa zamani nao walijiua, ila walizikwa kimyakimya na watoto wakaambiwa ni homa. Siku moja mpelekee bibi yako sukari kilo moja, umuulize taratibu.

Kaka Karani, pole sana. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Tabora mjini, huu mwaka wa kumi na moja. Naanza na wasiwasi wa mwenyekiti, maana ndio unaotuziba midomo wote. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo. Limechunguzwa sana hilo, na Shirika la Afya Duniani linalisema waziwazi. Mwenye wazo analo tayari na mara nyingi amebaki nalo peke yake. Ukimuuliza unamwona mabega yanashuka. Asiye nalo atakushangaa, atasema hapana, mtaendelea na chai yenu.

Kinachodhuru ni kusimulia namna. Alitumia nini, wapi, aliacha maneno gani. Ulivyoiruka hapo juu, iruke hivyohivyo mkutanoni. Wala usimbebeshe sababu moja, ya deni au ya mke. Umeshasema vizuri kwamba vilikuwa vipande.

Kwa mjane nenda kabla ya Jumamosi. Mwambie utakachosema neno kwa neno, na akikataa kitu, kitoe.

Mkutanoni wafundishe kuuliza. Siyo "vipi, salama?" maana Mnyamwezi hata akiwa na homa ya kutetemesha kitanda atakujibu salama. Swali lenyewe ni hili: "Naona umebadilika, hulali, umejitenga na watu. Umefika mahali unafikiria kujiua?" Litamkwe hivyohivyo, na ukumbi mzima walirudie kwa sauti. Watacheka. Nililifanya hili kwa bodaboda wa hapa mjini, walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili mmoja alitoka nje, nikamfuata.

Akijibu ndiyo, msimhubirie. Msimwahidi kutunza siri. Mtu akae naye, aitwe mmoja anayemwamini, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, aletwe hospitali. Siyo lazima Dodoma. Najua kwetu ukitaja afya ya akili watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na Mirembe kwao ni tusi. Anzeni na kituo chenu cha afya, au njooni hospitali ya Kitete hapa mjini. Namba 199 ya Wizara ya Afya haikati salio, na kwa mtoto kuna 116.

Takwimu weka moja tu, wakulima hawali takwimu: zaidi ya watu 720,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka, na 73 katika kila 100 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya Ulaya.

La mwisho ni lako wewe mwenye ufunguo, na kwangu lina uzito kuliko hotuba yote. Viuatilifu mnagawa mwanzo wa msimu, vinalala uvunguni mwa kitanda hadi vihitajike shambani. Sri Lanka walipiga marufuku hatua kwa hatua vile vyenye sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa asilimia 70 hivi. Kwa wengi wazo hili hupanda kwa nguvu kisha linashuka, wakati mwingine ndani ya saa chache. Akikuta kufuli katika saa hizo, wengi wanavuka. Marufuku ni ya serikali, ila kufuli unalo.

Halafu tarehe 10 Septemba ni siku ya kuzuia kujiua duniani, tangu 2003. Kama mwenyekiti anataka kisingizio cha kuandika kwenye ajenda, ndicho hicho.


Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)

Habari za Urambo. Nimesoma ya pampu nikaweka simu chini, nikaenda kunawa uso, nikarudi. Mimi nilirudisha taa mbili za sola kwa mwenyewe na nikamlipa mama ntilie 3,500 yake ya chapati na maharage. Akaniombea baraka.

Ziwa lilikuwa limefungwa, ile ya 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sipingi kufunga, samaki nao wanataka kuzaa. Kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ndiyo haikufunga, ilihesabu kila siku. Lakini nisidanganye: hata hiyo kausha damu ilinikuta nimeshaoza ndani. Tangu mama afariki nilikuwa naamka saa 9 usiku hata wakati wa mbalamwezi, siku ambazo mvuvi wa dagaa analala kama mtoto. Nakaa kitandani, nasikiliza mawimbi, nahesabu watu ambao wangepumzika nisipokuwepo.

Nilijaribu. Nikapelekwa zahanati moja, na mtu wa kwanza kuongea nami akaniuliza kama najua nimetenda kosa la jinai. Kweli kifungu kipo, cha 217 kwenye Kanuni ya Adhabu, nilikuja kukisoma baadaye. Lakini mtu ana dripu mkononi unamsomea sheria? Ndugu zangu wakaanza kupanga wanitoroshe usiku kabla polisi hawajaja. Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinavunja katiba yao. Sisi bado.

Aliyenishika ni nahodha wangu. Hela hakunipa, hana. Alikuja na wavu uliochanika na sindano mbili za kushonea, akakaa kibarazani. Tukashona hadi magharibi hajauliza kitu. Anaondoka ndipo akasema, "Bado unataka kufa?" Nikasema sijui. Akasema basi kesho nakuja na mwingine. Alikuja siku 19, nilihesabu, na nina hakika baadhi ya zile nyavu alizichana mwenyewe. Siku ya tano alinipandisha bodaboda tukaenda hospitali ya Maweni, akanisubiri kwenye benchi mpaka nilipotoka na karatasi ya dawa. Dawa zilichukua kama mwezi ndipo nikaanza kulala. Mtu asikudanganye kuwa ni siku moja.

Karani, waambie wasimkimbie aliyerudi. Mwanangu aliitwa jina shuleni kwa ajili yangu. Hilo liliniuma kuliko sindano zote.


Katekista wa Kigango

Naongeza kidogo kuhusu mazishi, maana mjane atakuwa amesikia mengi. Kwa sisi Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya 1917 iliwanyima mazishi waliojiua kwa kukusudia. Ile ya 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa, na Katekisimu inasema Kanisa linawaombea. Nayaandika haya kwa sababu nimewahi kuona kwa macho yangu wazee wa kigango wanazuia msalaba usibebwe mbele ya jeneza, na nilikuwa kijana, nikanyamaza. Ustadhi jirani yangu ananiambia kwao jumhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wanaona anaswaliwa kama Mwislamu mwingine.


Kijana wa Stesheni

Nesi, nimempelekea bibi sukari. Kumbe kwetu aliyejiua yupo, ni mdogo wake babu. Miaka yote tunaambiwa aliliwa na simba. Nilichoandika juu nakiondoa.


Karani wa Ghala

Nimerudi, mkutano ulikuwa jana.

Kwa mjane nilikwenda Jumatano. Alisikiliza huku anachambua mchicha, hakuinua kichwa. Akasema, "Ya pampu sema. Ya pombe usiseme, watoto watakuwa dirishani. Na jina lake ulitaje, tangu azikwe hakuna aliyelitaja." Nikalitaja. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia kuku juu ya bati.

Kujirudishia lile swali walicheka, kama dada alivyosema, hasa waliokaa nyuma. Nikawaambia tena. Sauti zikatoka chini kidogo, kama za watu wanaosoma barua. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Na akisema ndiyo halafu mimi mwenyewe nikashindwa?" Nikamsomea mambo ya Nesi kutoka kwenye simu: usimwache peke yake, ita mwingine. Nikasimulia ya nahodha bila kusema ni Kigoma wala ni nani. Hapo hawakucheka.

La kufuli lilileta ubishi kuliko hata makato. Hoja ilikuwa ghala liko mbali, mtu wa kilomita saba hawezi kufuata chupa moja kila akitaka kupuliza. Tumekubaliana kila kitongoji kiwe na sanduku la mbao kwa kiongozi wa kikundi, lenye makufuli mawili na funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Fundi kasema 45,000 kwa sanduku. Kumi na wanne walipinga, nimewaandika kwenye muhtasari kama taratibu zinavyotaka.

Mwenyekiti alinikata dakika ya kumi na saba.

Nilipokuwa nafunga ghala, mwanachama mmoja akanifuata akajifanya anauliza uzito wa belo lake la msimu uliopita. Uzito anaujua, tuliupima pamoja. Nikaacha daftari, nikamuuliza lile swali vilevile, kwa maneno yaleyale. Nilisikia sauti yangu inatetemeka. Alikaa juu ya gunia la mbolea muda mrefu. Zaidi ya hapo siandiki, ni yake.

Jana usiku amelala kwangu na mdogo wake yupo naye sasa hivi. Kesho Jumatatu tunapanda basi la saa 12 asubuhi kuja Tabora. Dada Nesi, pale Kitete tukifika tuulizie mlango gani, na wanaanza kuona watu saa ngapi? Sitaki tufike tukaambiwa turudi kesho.


Nesi wa Isevya

Njooni moja kwa moja mapokezi, semeni afya ya akili, msiseme kichwa kinauma. Wakiwaambia kesho, semeni kwa maneno kamili kwamba anafikiria kujiua, hapo hawatawarudisha. Nakutumia namba yangu ya simu faragha. Leo usiku asilale chumba cha peke yake, na wewe kula kitu kabla ya safari.