Safari ya Mombasa iliyovunjwa na korona: tupange tarehe mpya au tudai pesa zetu?

Mwalimu wa Naalya
Wapendwa, nisaidieni kabla hatujagombana kabisa. Sisi ni walimu 12 wa shule moja ya binafsi hapa Kampala. Mwaka jana tulichanga polepole, tukaweka nafasi kwa wakala mmoja twende Mombasa likizo ya muhula wa kwanza: basi hadi Nairobi, treni mpya ya SGR hadi Mombasa, siku nne pwani. Kila mtu alishalipa shilingi 450,000 kati ya 700,000. Tarehe 20 Machi mwaka huu wa 2020 shule zikafungwa, siku chache baadaye mipaka, safari ikafia hapo.

Sasa ni Desemba na wakala ameamka. Anasema pesa taslimu hana, anachoweza kutupa ni tarehe mpya, na tuichague kabla ya mwisho wa Januari, la sivyo "mkataba umekwisha". Watano wanataka kwenda. Sita wanataka pesa zao, kwa sababu waliorudi darasani Oktoba ni watahiniwa tu, na asiye na darasa la watahiniwa hana mshahara. Mmoja hapokei simu. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo kila anayeamka na hasira ananipigia mimi. Risiti nimezibana kwa pini kwenye daftari la maandalio. Ukurasa unaofuata ni somo la ngeli ya KI-VI ambalo mpaka leo sijalifundisha.

Mliovunjiwa safari mwaka huu, mlirudia au mlidai?

Dereva wa Malaba
Dai pesa, mwalimu. Njia hiyo ndiyo inayonilisha, naijua. Mwezi wa tano nililala usiku sita ndani ya lori pale mpakani nikisubiri majibu ya kipimo cha pua. Yalipotoka nikaambiwa nina korona, nikarudishwa kwetu Kenya, halafu nasikia redioni kwamba madereva wa nje tumeondolewa kwenye hesabu ya Uganda. Yaani hata ugonjwa wangu ulinyimwa viza. Sasa nyinyi mnataka kupita hapo na masanduku kwa raha zenu? Na Mombasa kwenyewe kafyu ni saa moja jioni. Mtakula samaki saa kumi kama wagonjwa wa wodini.

Mkenya wa Kabalagala
Dereva, hiyo ya saa moja ilikuwa Machi. Siku hizi ni saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Hawa wanaofungiwa saa tatu Kampala ndio watakaojiona watu wazima wakifika kwetu. Treni nayo imerudi tangu Julai. Unatakiwa cheti cha kipimo kisichozidi saa 96, basi. Msitishe watu.

Dereva wa Malaba
"Basi." Cheti ni bure? Kipimo hapa Kampala kinapita laki mbili, na Uganda nayo inataka chako cha kurudia. Nauli inakuwa ndogo kuliko pua.

Wakili wa Kona
Mimi si wakili, nina mashine ya fotokopi mlangoni kwa mawakili, lakini karatasi nimesoma kuliko wao. Sheria ya Mikataba ya 2010 inazungumzia mkataba uliokwamishwa na jambo ambalo si kosa la yeyote. Ulicholipa kinarudi, ila mahakama inaweza kumwachia mwenzako gharama alizokwisha kuingia. Kwa hiyo hilo la "mkataba umekwisha" lisiwatishe. Muulizeni swali moja: hoteli ulilipa kiasi gani, na risiti iko wapi?

Muongoza Wageni, Kisoro
Naona mnamsulubu wakala peke yake. Mimi naongoza wageni wa gorila kule msitu wa Bwindi. Kuanzia Machi mpaka Septemba sikumwona mgeni hata mmoja. Juni mwindaji akamchoma mkuki Rafiki, gorila dume kubwa wa kundi la Nkuringo. Amefungwa miaka 11, sawa, lakini gorila huyo alikuwa analisha vijiji. Wageni wakikauka, mtu anarudi msituni na mtego.

Kuhusu pesa zenu: mkimdai wote siku moja atafunga ofisi, atabadilisha laini ya simu, na nyinyi mtabaki na risiti nzuri. Sita walipwe kwa awamu, watano wachague tarehe ya mbali, kila neno liandikwe na kusainiwa. Na kama mnataka likizo ya karibu, kibali cha gorila kwa raia wa Afrika Mashariki kimeshuka kutoka 250,000 hadi 150,000 kuanzia Desemba hii ya 2020 mpaka Machi 2021. Karibuni.

Afande Mstaafu
150,000 ukamtazame nyani akijikuna! Hebu tuwe wakweli. Tangu lini mwalimu wa Uganda akaenda likizo pwani? Hayo ni mambo ya Wazungu. Likizo ni kijijini. Unapanda gari, unakwenda kwa wakwe, kuku wapo, matoke yapo, hewa ipo, na hakuna wa kukuchokoa pua. Korona imetukumbusha tupumzike nyumbani. Pesa mdai, mnunue mbuzi.

Mama wa Kireka
Afande, soma tena ulichoandika. "Kuku wapo." Kuku wapo na manyoya yao, afande. Nani anawanyonyoa?

Nikueleze likizo yangu ya mwaka jana. Tarehe 24 Desemba tulifika kwa wakwe, Masaka, saa nane mchana. Mume wangu alipewa kiti chini ya mwembe. Mimi nilipewa kisu. Mikungu mitatu ya matoke ilikuwa inanisubiri. Nimeketi mkekani miguu imekufa ganzi, namenya, utomvu umenigandia vidoleni mpaka pete haitoki. Saa nne usiku bado nafunga matoke kwenye majani, moshi unanitoa machozi, na kutoka chini ya mwembe nasikia mtu anasema, "Kijijini kuna amani." Asubuhi ya Krismasi wa kwanza kuamka nani? Ibada nimeisikia nikiwa jikoni, kwa spika ya kanisa.

Nyinyi ndio mnaokwenda likizo. Sisi tunapewa uhamisho.

Kijana wa Ntinda
Uhamisho bila posho.

Afande Mstaafu
Mama, hakuna aliyekutukana hapa. Mama yangu alipikia kuni miaka 50 na hakulalamika hata siku moja.

Mama wa Kireka
Ulimuuliza?

Kijana wa Ntinda
Afande, kaa chini.

Afande Mstaafu
Nimepigana vita vya Luwero wewe hujazaliwa. Usiniambie kaa chini.

Kijana wa Ntinda
Basi kaa chini ya mwembe.

Muongoza Wageni, Kisoro
Gorila si nyani, afande. Na hilo la kulipana kwa awamu mmeliona?

Fundi Bomba, Arua
Wacheni niwatetee wanaume kidogo. Huyo wa chini ya mwembe mnamwona ameketi, hamwoni mfuko wake. Magari yanabeba nusu ya abiria, nauli imepaa. Ukifika, sukari ni wewe, sabuni ni wewe, paa la bibi linavuja na fundi ni wewe. Mjomba anakuita pembeni, ana maneno mawili. La kwanza salamu, la pili ada ya mtoto. Mwaka jana nilirudi mjini tarehe 3 Januari na nauli ya kukopa. Nawaambia kijijini ni ghali kuliko Mombasa, ila hakuna risiti.

Mama wa Kireka
Mfuko wako ulikauka, pole. Mgongo wangu je, niupeleke kwa fundi gani?

Fundi Bomba, Arua
Sikusema tushindane, dada.

Mama wa Kireka
Umeandika "niwatetee". Nani alikuwa amewashtaki?

Mkwe Mtarajiwa
Nimetoa posa mwezi uliopita, arusi yetu ni ya kisayansi, watu wachache na barakoa. Mchumba wangu amenitumia mjadala huu saa sita usiku bila neno lolote. Nijibu nini?

Mkenya wa Kabalagala
Jibu: "Nitamenya."

Afande Mstaafu
Ndivyo ndoa zinavyokufa. Mtu anaulizwa habari ya wakala, mnaleta habari ya kumenya.

Kijana wa Ntinda
Nani alileta habari ya wakwe, afande? Panda juu usome.

Bibi wa Bombo
Naandikiwa na mjukuu wangu, msahihishe makosa yake si yangu.

Mnanigombania kama kiwanja. Mimi ndiye huyo mama mkwe. Nina wakwe wanne. Idi ya mwaka jana walifika watu 19 na watoto wao. Hao wake za wanangu wanasema wanachoka, ni kweli, nawaona. Lakini hakuna aliyeuliza mimi nimeanza kuchoka lini. Wiki nzima kabla hawajafika naazima magodoro, nachagua mchele, nasaga unga wa gurusa, mkate wetu. Wakiondoka wanasema, "Mama tumefurahi," wananiachia sufuria tano zimeungua chini na choo kimejaa. Siku ya tatu nilijifungia chumbani nikasema ni presha. Haikuwa presha.

Idi zote mbili mwaka huu nyumba ilikuwa kimya. Ya kwanza nililia. Ya pili nililala mpaka saa tatu asubuhi, nikaamka nikanywa chai yangu peke yangu, nikaona haya kwa jinsi ilivyokuwa tamu. Sasa nasikia mnataka kutuletea na ugonjwa kutoka mjini. Tumeni pesa kwa simu, mje mmoja mmoja.

Mama wa Kireka
Bibi, nisamehe. Wangu sijawahi kumfikiria hivyo.

Mkenya wa Kabalagala
Januari 14, siku ya uchaguzi, nampigia kura bibi. Najua mimi ni mgeni, nitatafuta njia.

Afande Mstaafu
Shikamoo mama. Mimi nilisema kijijini ni pazuri. Sikusema watu 19.

Bibi wa Bombo
Marahaba. Wako ni wangapi?

Afande Mstaafu
14.

Dereva wa Malaba
Hahaha.

Mwalimu wa Naalya
Jamani. Nimesoma yote, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta, lakini wakala bado ananidai jibu.

Jana nilimuuliza lile swali la Wakili wa Kona. Alikaa kimya, halafu akatoa risiti ya hoteli: milioni moja na laki mbili. Basi na treni hakuwa amelipa hata senti. Sisi tulimpa milioni tano na laki nne. Nilipomwomba anionyeshe zilizobaki akaanza kunieleza kodi ya ofisi na watoto wake. Nilimhurumia, sitawadanganya. Hata mimi ninadaiwa kodi. Tumeandikiana kwamba wanaotaka pesa wataanza kupata 150,000 kila mmoja kwa simu kabla ya Krismasi, zilizobaki Februari baada ya kukata sehemu ya hoteli. Wanaokwenda watakwenda baada ya Pasaka.

Ila wanaokwenda si watano tena. Nilipowasomea bei ya kipimo, cha kwendea na cha kurudia, wawili walihama papo hapo. Yule asiyepokea simu amepatikana, anauza mayai Mukono, anasema tusimsumbue mpaka tuwe na pesa mkononi.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa watatu waliobaki, na sijui kama nina akili. Shule ikifunguliwa nitakuwa na madeni ya mwaka mzima. Lakini Februari nilinunua vazi la kuogelea soko la Owino, la bluu, bado lina pini ya muuzaji. Kila nikifungua sanduku kutafuta shuka naliona.

Mama wa Kireka
Nenda. Ukifika utie miguu majini kwa niaba yangu.

Wakili wa Kona
Hayo maandishi mmesaini wote wawili? Kuna shahidi? Njoo nikutolee nakala bure.

Dereva wa Malaba
Mimi bado nasema dai. Vazi la kuogelea halilipi kodi. Ila ukienda, kipimo usifanye Jumatatu kwa safari ya Ijumaa, saa 96 zitakukatikia foleni. Nimeona watu wakilia.

Muongoza Wageni, Kisoro
Kulipana kwa awamu, tarehe ya mbali, kuandikiana. Sawa.

Fundi Bomba, Arua
Sawa nini, kaka?

Muongoza Wageni, Kisoro
Hakuna.

Mgeni wa Jinja
Sijasoma yote, ni marefu. Mwalimu, kwa nini msumbuke na Mombasa? Entebbe pale ufukwe upo, mchanga upo, nauli ndogo, kipimo hakuna. Mnakwenda asubuhi, kafyu inawakuta mmerudi.

Mvuvi wa Nakiwogo
Ufukwe upi, ndugu? Umekuja lini mara ya mwisho? Mwezi wa tano Ziwa Victoria lilifika alama ya mita 13.42, likavunja rekodi ya 1964, na mpaka leo halijarudi kwao vizuri. Pale ulipokuwa unaketi kula samaki wa ngege, mimi sasa nafunga mtumbwi.