Naomba ushauri: picha moja kila siku pwani ya Jambiani, nishike saa au nifuate maji?

Mjukuu wa Jambiani
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nataka mwaka mzima nipige picha moja kila siku kwa simu: pwani yetu, watu na kazi zao, ndege, miti. Bibi yangu analima mwani tangu kilimo hiki kiingie huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na pwani anayonisimulia siyo ninayoiona. Nataka hii ya sasa ibaki mahali. Shida yangu: nikipiga alfajiri watu wanatoka weusi. Halafu leo maji yamejaa, wiki ijayo saa ile ile ni mchanga mtupu. Nishike saa moja au vipi? Na simu ina nafasi ndogo.

Nahodha Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Saa ya ukutani haijui bahari. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, ndiyo maana picha zako haziendani. Fuata mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na kwetu Unguja maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Hapo ndipo kina mama wanaingia shambani, na nuru inatosha. Siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, usilazimishe bahari, rudi uani: watu wanafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba, wanaanika mwani, wanasuka makuti.

Mpigapicha Tanga
Shikamoo mzee. Kwa heshima, mimi naona saa ishikwe, kwa sababu hiyo tofauti ya maji ndiyo kumbukumbu yenyewe. Ila isiwe alfajiri. Jambiani inatazama mashariki, asubuhi unapiga ukielekea juani. Saa kumi jioni jua liko mgongoni kwako, rangi ya maji inatoka vizuri na nyuso zinaonekana. Futa kioo cha kamera kila mara, chumvi ya bahari huleta ukungu kwenye picha.

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Saa kumi ya bamvua maji yamejaa, mwanangu, na kina mama wameshatoka shambani. Utapata rangi, kazi utaikosa.

Binti wa Paje
Nahodha kasema kweli. Dada, fanya hivi: chagua mstari mmoja wa mwani wa bibi, weka alama kwenye vigingi vyake, uupige kila bamvua tangu kupandwa. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo utaona vishada vikinenepa, au vikioza maji yakipata joto. Hilo joto ndilo lililotuharibia mwani aina ya cottonii, tukabaki na aina ya spinosum. Picha zenye tarehe zingetusaidia sana kueleza jambo hili kwa watu wasioingia majini. Na tafadhali, omba ruhusa. Tumechoka kuelekezewa kamera tumeinama, nguo zimelowa. Asiyetaka uso wake, piga mikono yake. Aliyekubali, msafishie picha umpelekee.

Mjukuu wa Jambiani
Nimekuelewa dada, nitaanza na bibi mwenyewe. Na nafasi ya simu je?

Mpigapicha Tanga
Picha ya MB 4 kwa siku 365 haifiki hata GB 1.5. Kinachojaza simu ni video na zile picha kumi unazopiga ili upate moja. Chagua jioni ile ile, nyingine futa. Weka nakala kwenye kadi na nyingine mtandaoni. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo inapunguzwa ubora.

Nahodha Mstaafu
Chini ya kila picha andika upepo, kusi au kaskazi, mwezi una siku ngapi, na jina la pale ulipokanyaga kama bibi anavyopaita. Majina ya miamba hayamo kwenye simu, muulize yeye.

Mjukuu wa Jambiani
Ahsanteni sana. Nafuata maji, na siku za maji mafu nitapiga uani saa kumi. Mstari wa bibi nauwekea alama bamvua hii.