Kufungua kampuni ya huduma za nyumbani England ukiwa muuguzi

Swali, kutoka Coventry

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mimi ni muuguzi mwenye PIN (namba ya usajili) ya NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, na nataka kufungua kampuni ya kuhudumia wazee majumbani hapa England. Nianzie wapi, na wengi hukwama wapi?

Jibu, kutoka Leicester

Marahaba mdogo wangu. Anza na viza. Kama bado uko kwenye viza ya kazi ya afya, huruhusiwi kujiajiri. Zile saa 20 za nyongeza kwa wiki ni za kuajiriwa kwingine, si za kuendesha biashara yako. Subiri upate ukaazi wa kudumu.

Ukishavuka hapo, linafuata suala la CQC, chombo kinachosajili na kukagua huduma za afya na matunzo England. Kampuni ikimwogesha, ikimvalisha, ikimlisha au ikimpeleka chooni mtu asiyejiweza, lazima iwe imesajiliwa. Kuanza bila usajili ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2008, hata ukiwa na mteja mmoja tu anayelipa kwa pesa zake. Kupika, kufua na kufagia pekee hakuhitaji usajili huo. Na sisi wauguzi tunateleza hapa: PIN ni yako wewe, si ya kampuni. Kampuni iliyosajiliwa kwa huduma ya mwili peke yake, yaani kuogesha, kuvalisha na kulisha, haiwezi kuuza huduma ya kufunga vidonda au kubadilisha katheta (mrija wa mkojo). Hizo zina usajili wake, uziombe tangu mwanzo kama una wauguzi wa kuzifanya.

Kampuni inahitaji mtu wa kuiwakilisha mbele ya CQC na meneja aliyesajiliwa. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi zote mbili. Sera za kampuni, yaani maandishi ya taratibu za kazi, za kununua mtandaoni ndizo zinazoangusha maombi mengi, maana mkaguzi hakuulizi zimeandikwa nini, anakuuliza utafanya nini. Mfano: saa 1 asubuhi mhudumu amemkuta mama sakafuni, ana fahamu, analalamika nyonga. Nani anapigiwa simu kwanza, nani anabaki naye, nani anakwenda kwa mteja anayefuata, na wapi panaandikwa nini? Ukijibu kwa mtiririko huo, wamekuelewa.

Mafaili ya wafanyakazi yakamilike kabla ya zamu ya kwanza: historia ya kazi yote huku kila pengo likielezwa kwa maandishi, barua za waajiri wa awali, DBS (cheti cha kuangalia rekodi ya uhalifu), picha na ushahidi wa haki ya kufanya kazi. Usikodi ofisi kubwa, usajili huchukua miezi. Na ukishapewa usikae nao tu: usipotoa huduma kwa miezi 12 mfululizo, CQC wanaweza kuufuta.

Jibu, kutoka Reading

Kaka ameeleza vizuri. Mimi niongeze hesabu, kwa sababu kampuni nyingi za wauguzi zina huduma nzuri na bado zinafungwa.

Ukihudumia wateja wanaolipiwa na halmashauri, kwa kawaida inalipa dakika ulizokaa ndani ya nyumba ya mteja. Wewe unalipa na dakika za barabarani kati ya mteja na mteja, maana sheria ya kima cha chini cha mshahara inazihesabu kuwa ni kazi. Chukua wateja 4 wa nusu saa kila mmoja, na mwendo wa dakika 15 kati yao. Umelipwa saa 2, mhudumu umemlipa saa 2 na dakika 45. Kwa kima cha £12.71 kilichoanza Aprili 2026, hiyo ni £34.95. Weka likizo yenye malipo, asilimia 12.07, unafika £39.17. Ukikubali bei ya £22 kwa saa, umeingiza £44. Inabaki £4.83, na humo itoke bima ya taifa ya mwajiri (asilimia 15 ya mshahara unaozidi £5,000 kwa mwaka), pensheni asilimia 3, glavu, mafunzo, simu ya usiku na meneja. Haitoshi. Hiyo safari umeifanya kwa hasara.

Kwa hiyo kusanya wateja kwenye mitaa michache. Mteja wa upande wa pili wa mji anayetaka saa 2 asubuhi tu, mkatalie kwa heshima, hata kama mwezi wa kwanza una njaa ya kazi. Ankara za halmashauri hukaa siku 30 au zaidi, mishahara haisubiri. Mimi nisingemshauri mtu aanze bila mishahara ya miezi 3 benki. Bima ya mwajiri isipungue £5,000,000, ni lazima kisheria.

Swali tena, Coventry

Asanteni sana. Je, naweza kuwaleta wahudumu kutoka nyumbani?

Jibu, Leicester

Hapana. Mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Walio ndani ya nchi tayari wanaweza kubadili mwajiri kwa masharti mpaka Julai 2028. Atakayewaambia ndugu zetu walipie barua ya udhamini anawaibia. Gharama hiyo kisheria ni ya mwajiri.

Jibu, kutoka Birmingham

Nami niseme la dawa, hapo ndipo watu wanapoumia. Nafasi tupu kwenye chati ya dawa isijazwe kesho yake kwa kukisia. Iandikwe kuwa ilikutwa tupu, nani ameulizwa, na daktari au mfamasia amesema nini. Dawa za inapobidi, zile zinazotolewa pale tu mgonjwa anapozihitaji, ziwe na maelekezo kamili. Kwa parasetamoli ya mtu mzima, andika gramu 1, pengo lisilopungua saa 4, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na umwonye mhudumu kwamba dawa ya maumivu ya co-codamol nayo ina parasetamoli ndani. Mgonjwa wa Parkinson apangwe kwanza kwenye rota, dawa yake ikichelewa nusu saa mwili unaweza kukakamaa.

Mashine ya kunyanyulia wagonjwa na mikanda yake hukaguliwa kila miezi 6. Mfundishe mhudumu asome tarehe kwenye kibandiko kabla hajamnyanyua mtu, na akague mishono ya mkanda kwa vidole. Lebo ikiwa imefutika, mkanda huo usitumike.